Sheria Hupimaje Nia ya Muuaji?

Mtu akiuawa Mumbuni, hapa Machakos, habari hufika kwenye steji ya boda boda kabla ya kufika kituo cha polisi, na watu huwa wameshahukumu. Waliokulia kwenye sinema za Marekani watakwambia hayo ni mauaji ya daraja la kwanza, au la pili. Kenya haina madaraja hayo. Yalianzia Pennsylvania mwaka 1794, ili kitanzi kibaki kwa wauaji wabaya zaidi, hasa waliopanga. Sisi tulirithi sheria ya Mwingereza, na Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 63, ina makosa mawili makuu: kuua bila kukusudia, kifungu cha 202, na kuua kwa kukusudia, kifungu cha 203. Mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 huku akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi ana kifungu chake, cha 210, na huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia.

Kinachotenganisha makosa hayo mawili ni nia. Wengi hudhani nia ni kutaka mtu afe. Kifungu cha 206 ni kipana kuliko hivyo. Ukikusudia kumuumiza mtu vibaya tu, naye akafa, umeua kwa kukusudia. Ukijua kitendo chako huenda kikaua na usijali, ni vilevile. Ukimlenga jirani ukampata mwanawe, hilo halikuokoi. Ndiyo maana utetezi wa “nilitaka kumtia adabu tu” humzamisha anayeutoa: amekwisha kukiri kwamba alitaka kuumiza, na kilichobaki ni kuuliza kiasi gani.

Kwa kuwa nia haionekani, majaji wetu huisoma kwenye vitendo. Hadi leo hutaja kesi ya Tubere kutoka Uganda, iliyoamuliwa mwaka 1945 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: tazama silaha, namna ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Tuseme wanaume wawili wametoka kunywa kaluvu, pombe ya kienyeji ya Wakamba, wakagombania mpaka wa shamba. Mmoja anachomoa fito kwenye ua na kumchapa mwenzake begani. Mwenzake anayumba, anaanguka, kichwa kinagonga jiwe. Aliyepiga anapiga mayowe, anaita boda boda, anampeleka hospitali ya Level 5, lakini mwenzake anafia njiani. Hapo kiongozi wa mashtaka atapata taabu kuthibitisha nia mbaya. Sasa tuseme aliyepiga alikwenda nyumbani, akarudi na panga, akamkata shingoni mara tatu, akaliosha na kulala. Ugomvi ni ule ule, aliyekufa ni yule yule, ila kosa si lile lile.

Je, pombe? Kifungu cha 13 kinamruhusu jaji kuuliza kama mtu alilewa kiasi cha kushindwa kuwa na nia yoyote. Aliyekumbuka panga liko wapi atapata shida kumshawishi. Na ile safari ya kwenda nyumbani inamwondolea pia utetezi wa kuchokozwa, kwa kuwa kifungu cha 207 kinamhurumia aliyetenda papo hapo, kabla hasira haijapoa. Ukambani utetezi huu una historia nzito: mwaka 1932 wanaume Wakamba 60 walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mwanamke waliyemshuku kwa uchawi. Mahakama haikukubali kwamba hofu ya uchawi pekee ni uchokozi, ingawa mwishowe adhabu yao ilibadilishwa kuwa kifungo.

Tofauti hizi huamua hata mlango utakaoingilia. Kesi ya kuua kwa kukusudia husikizwa na Mahakama Kuu pekee. Ya kuua bila kukusudia hakimu anaweza kuisikiza, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Aliyekusudia alikuwa na adhabu moja tu, kifo, hadi tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba kumfunga jaji mikono hivyo ni kinyume cha Katiba. Kifo kimebaki kwenye vitabu, ila jaji sasa huchagua.

Hapo ndipo madaraja yanapoingia kwetu, kwa mlango wa nyuma. Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa Juni 2016 wakitoka mahakama ya Mavoko, kaunti hii hii ya Machakos, na miili yao ikaopolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Watu wanne walipatikana na kosa lile lile, kifungu kile kile. Tarehe 3 Februari 2023 Jaji Jessie Lessit alimhukumu afisa wa polisi Fredrick Leliman kifo. Wengine watatu wakapata miaka 30, 24 na 20, kila mmoja kwa sehemu yake. Kwa maoni yangu mtindo huu ni bora kuliko wa Marekani, mradi majaji waeleze sababu zao waziwazi.

Kwa hiyo ukiitwa kuandikisha taarifa kwa polisi, usiwaambie marehemu “alipigwa” basi. Eleza alipigwa kwa kitu gani, wapi mwilini, mara ngapi, na aliyepiga alifanya nini baadaye. Na kama mshukiwa ni ndugu yako, mwambie anyamaze hadi awe na wakili; Katiba inataka mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili na serikali, pale ambapo kukosa wakili kungemnyima haki.