Chapa bila Kiwanda: Uzalishaji wa Kandarasi na Ukuaji wa Maduka ya Bangi nchini Marekani na Kanada

Ikisiri

Maduka mengi ya rejareja ya bangi katika majimbo ya Marekani yanayoruhusu biashara hiyo huuza misokoto, peremende za jeli na katriji za mvuke zenye jina la duka, ilhali duka lenyewe halina kiwanda. Makala haya yanaeleza jinsi uzalishaji wa kandarasi unavyokuza chapa ya duka la aina hiyo, na masharti ambayo huufanya ukuaji huo udumu. Hoja inayotetewa ni kwamba katika biashara ya bangi mkataba wa uzalishaji hubeba mzigo ambao katika biashara nyingine hubebwa na sheria ya taifa. Kwa hiyo, duka linaloutazama mkataba kama njia ya kupunguza gharama tu hujenga chapa ambayo kwa hakika iko mikononi mwa mtengenezaji. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kutumia sheria za California, Colorado na Washington, uamuzi wa Mahakama ya Kodi ya Marekani wa mwaka 2018, na hali ya Kanada.

1. Utangulizi

Mnamo Novemba 2012 wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington waliidhinisha biashara ya bangi kwa watu wazima. Maduka ya Colorado yalianza kuuza tarehe 1 Januari 2014. California iliidhinisha biashara hiyo Novemba 2016, na mauzo yakaanza tarehe 1 Januari 2018. Kanada iliihalalisha kwa nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Neno bangi linatumika hapa kwa maana ya mmea na bidhaa zake zote zinazouzwa kwa leseni katika maeneo hayo. Hali ya Afrika Mashariki, ambako kwa mfano Tanzania inaukataza mmea huo kwa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, haihusiki na uchambuzi huu.

Ugumu wa biashara hiyo nchini Marekani unatokana na mgongano wa sheria mbili. Majimbo yanatoa leseni, lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika Jedwali la Kwanza la dawa zinazodhibitiwa. Mgongano huo una matokeo matatu yanayogusa chapa moja kwa moja. Kwanza, bidhaa haiwezi kuvuka mpaka wa jimbo kihalali. Pili, ofisi ya shirikisho ya alama za biashara haisajili alama kwa bidhaa ambazo sheria ya shirikisho inazikataza, hivyo mwenye chapa hubaki na usajili wa jimbo na sheria za kawaida za ushindani. Tatu, kodi ya mapato hutozwa kwa utaratibu wa pekee unaoelezwa katika sehemu ya nne.

2. Kwa nini duka huhitaji mtengenezaji

Hapo awali sheria haikuliruhusu duka kuchagua. Huko Colorado, sheria ya mwaka 2010 ililitaka duka la bangi ya tiba lilime angalau asilimia 70 ya bangi liliyoiuza, na kanuni hiyo iliyabana pia maduka ya watu wazima hadi mwishoni mwa Septemba 2014. Muuzaji alilazimika kuwa mkulima kabla ya kujifunza kuuza. Washington ilishika njia ya kinyume: mwenye leseni ya rejareja hawezi kuwa na maslahi ya kifedha katika shamba wala kiwanda cha bangi. Kanuni hizo mbili zinaonyesha kwamba mipaka kati ya kuzalisha na kuuza iliwekwa na sheria kabla ya kuamuliwa na soko.

California inasimama kati ya njia hizo. Mtu mmoja anaweza kumiliki leseni kadhaa, lakini kila kazi ina leseni yake. Kuchuja mafuta ya bangi kwa viyeyusho vinavyowaka kunahitaji leseni ya Aina ya 7, na kuchuja kwa njia zisizotumia viyeyusho hivyo kunahitaji Aina ya 6. Kuchanganya mafuta hayo katika vyakula kunahitaji Aina ya N, na kufungasha tu kunahitaji Aina ya P. Aidha, duka la rejareja haliruhusiwi kufungasha wala kubandika lebo kwenye eneo lake. Hupokea bidhaa zikiwa tayari katika pakiti ya mwisho. Hata duka linalotaka kuuza maua makavu kwa jina lake ni lazima limtafute mwenye leseni ya kuyafungasha. Kwa duka dogo, basi, uzalishaji wa kandarasi ndio mlango wa pekee wa kuwa na chapa yake, kwa kuwa mtambo wa kuchujia, jengo linalokubalika na wazimamoto, na leseni ya jiji na ya jimbo ni gharama zisizobebeka kwa mauzo ya duka moja.

3. Sura tatu za mkataba

Mikataba inayotumika inaweza kugawanywa katika sura tatu. Mfano wa unga unasaidia kuzitofautisha.

Sura ya kwanza ni lebo ya duka. Mtengenezaji ana bidhaa iliyokamilika, na duka linaweka jina lake juu yake. Ni kama mfanyabiashara anayenunua unga uliokwisha kusagwa na kuutia katika mifuko yenye jina lake. Njia hii ni ya haraka na mtaji wake ni mdogo, lakini jeli ileile inaweza kuuzwa na duka la pili mtaani kwa jina jingine. Kinachomilikiwa na duka ni mfuko tu.

Sura ya pili ni kandarasi ya fomula. Duka huleta fomula yake, yaani ladha, kiwango cha THC, aina ya mafuta na umbo la bidhaa, na mtengenezaji huitekeleza kwa mali ghafi anayoinunua mwenyewe. Hapa swali zito ni nani mwenye marekebisho. Fomula inayoletwa kwenye karatasi hubadilika kiwandani, kwa sababu jeli hulainika, ladha hupotea na mafuta hujitenga. Mkataba usiosema marekebisho hayo ni ya nani huliachia duka fomula isiyofanya kazi, na humwachia mtengenezaji ile inayofanya kazi.

Sura ya tatu ni usindikaji kwa ujira. Mwenye chapa humiliki bangi tangu mwanzo, huipeleka kiwandani, hulipa ada na kupokea bidhaa. Ni mahindi yaliyopelekwa mashineni: mwenye mashine hulipwa kwa kusaga, na unga hubaki wa mwenye mahindi. Huko California njia hii huwafaa zaidi wafanyabiashara walio na leseni nyingine pamoja na ya rejareja, kama ile ya usambazaji, kwa kuwa duka tupu haliwezi kushughulikia bangi isiyofungwa. Mtaji wake ni mkubwa na hasara ya zao bovu humwangukia mwenye chapa. Hata hivyo, ndiyo sura ambayo umiliki wake hauna utata mwingi.

4. Kodi na swali la umiliki

Umiliki wa mali ghafi huenda ukaonekana jambo la kinadharia hadi kodi inapofika. Kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya mapato, kilichotungwa mwaka 1982, kinamnyima mfanyabiashara wa dawa zilizo katika Jedwali la Kwanza na la Pili haki ya kutoa gharama za uendeshaji katika hesabu ya kodi. Kinachoruhusiwa kupunguzwa ni gharama ya bidhaa zilizouzwa tu. Kodi ya pango, mishahara ya wauzaji, ulinzi na matangazo havihesabiwi.

Mfano wa kubuni unaonyesha uzito wa jambo hilo. Tuseme duka linauza bidhaa kwa dola 100 baada ya kuinunua kwa dola 40, na gharama za uendeshaji ni dola 45. Faida halisi kabla ya kodi ni dola 15, lakini kodi ya kampuni ya asilimia 21 hutozwa juu ya dola 60, yaani dola 12.60. Duka hubaki na dola 2.40. Duka hilohilo likipata bidhaa yenye lebo yake kwa dola 30, faida kabla ya kodi hupanda hadi dola 25, kodi huwa dola 14.70, na kinachobaki ni dola 10.30. Nafuu ya dola 10 katika gharama ya bidhaa imeongeza faida baada ya kodi zaidi ya mara nne. Lakini ikiwa duka litatumia dola 8 kuitangaza chapa mpya, fedha hizo hazipunguzi kodi, na kinachobaki ni dola 2.30, chini kidogo ya pale lilipoanzia. Kwa hesabu hii, chapa ya duka la bangi hulipa pale inapojengwa kwa ubora na bei ya bidhaa yenyewe kuliko kwa matangazo.

Hapo ndipo sura ya mkataba inapokuwa na thamani ya kikodi. Kanuni za kodi humtofautisha mzalishaji na muuzaji wa bidhaa za wengine. Muuzaji huhesabu bei ya ankara, usafirishaji na gharama nyingine za lazima za kuipata bidhaa. Mzalishaji huhesabu pia mali ghafi, ujira wa kazi na gharama zisizo za moja kwa moja za uzalishaji. Mwaka 2018 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua shauri la shirika la Patients Mutual Assistance Collective la Oakland, linalojulikana zaidi kama Harborside. Shirika hilo lilidai kuwa lilikuwa mzalishaji kupitia wakulima walioliuzia bangi, ambao baadhi yao walitumia miche iliyotoka kwake. Mahakama ilikataa, kwa kuwa shirika halikuwa mmiliki wa bangi ilipokuwa mikononi mwa wakulima. Lilikuwa muuzaji wa bidhaa za wengine. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliikataa rufaa yake mwaka 2021.

Shauri hilo halisemi kwamba kila mkataba wa ujira utamgeuza mwenye duka kuwa mzalishaji. Linasema kwamba ushirikiano wa karibu, ushauri wa kitaalamu na hata kutoa miche havitoshi pale umiliki usipoandikwa na kutekelezwa. Mnamo Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilipendekeza bangi ihamishiwe Jedwali la Tatu, ambalo kifungu cha 280E hakiligusi. Kwa bangi itakayotoka katika majedwali mawili ya mwanzo, sababu hii ya kikodi itakwisha, lakini sababu za ubora zinazofuata zitabaki.

5. Ubora na jina la duka

Mteja husoma jina lililo mbele ya pakiti. Jina la mtengenezaji humhusu kwa nadra. Kwa hiyo, kosa la kiwanda huwa aibu ya duka. California hulitaka kila kundi la bidhaa lipimwe na maabara yenye leseni likiwa katika hali yake ya mwisho, na kiwango cha THC kisitofautiane na lebo kwa zaidi ya asilimia 10. Kundi likishindwa, hurekebishwa pale kanuni zinaporuhusu, la sivyo huteketezwa. Mkataba usiotaja nani anabeba hasara ya kundi lililoteketezwa humwachia mwenye duka rafu tupu na mgogoro.

Vipimo vya lazima pia havioni kila kitu. Mwaka 2019 ulizuka nchini Marekani ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na katriji za mvuke. Hadi Februari 2020 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilikuwa kimeorodhesha watu 2,807 waliolazwa hospitalini au kufariki, wakiwamo vifo 68. Kiungo kilichohusishwa sana na mlipuko huo ni asetati ya vitamini E, iliyotumika kuongezea uzito mafuta. Bidhaa nyingi zilizohusika zilitoka katika soko lisilo rasmi, lakini somo lake linawagusa wenye leseni pia: kiungo ambacho hakuna aliyefikiria kukipima kinaweza kuingia kupitia msambazaji wa msambazaji. Haki ya mwenye chapa ya kujua kila kiungo, kuidhinisha mabadiliko na kukagua kiwanda bila kungoja mwaliko inapaswa kuwa kifungu cha mkataba.

6. Kuvuka mpaka

Kwa kuwa bidhaa haivuki mpaka wa jimbo, chapa inayotaka kukua hulazimika kutengenezwa upya kila inapofika. Wana, chapa ya jeli iliyoanzishwa Colorado mwaka 2010, ilienea kwa kuwapa leseni watengenezaji wa majimbo mengine, na huko Kanada bidhaa zake zilitengenezwa na kampuni ya Indiva ya London, Ontario. Kinachosafiri ni fomula, mafunzo na haki ya kutumia jina. Uwezo wa chapa kufanana na nafsi yake katika majimbo mawili unategemea jinsi maelekezo yalivyoandikwa.

Kanada inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Huko bidhaa husafiri kati ya mikoa, alama ya biashara husajiliwa kitaifa, na kiwanda kimoja kinaweza kuihudumia nchi nzima. Hata hivyo, pakiti inaruhusiwa kubeba jina la chapa na kipengele kimoja kingine cha utambulisho tu, na vyakula vya bangi haviruhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC kwa pakiti, wakati California inaruhusu miligramu 100. Mnamo Februari 2023 kampuni ya Canopy Growth ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Smiths Falls, kilichokuwa zamani kiwanda cha chokoleti cha Hershey, kupunguza takriban ajira 800, na kuwaachia watengenezaji wa nje vinywaji, vyakula na bidhaa za mvuke. Kampuni iliyokuwa miongoni mwa kubwa zaidi duniani katika sekta hii iligundua kwamba kiwanda kinaweza kuwa mzigo kwa chapa. Maduka madogo yalianzia pale Canopy ilipofikia.

7. Hitimisho

Uzalishaji wa kandarasi hulipa duka la bangi fursa ya kukua bila mtaji wa kiwanda, na katika baadhi ya majimbo ni njia ya pekee. Lakini mahali ambapo alama ya biashara haisajiliwi kitaifa, bidhaa haivuki mpaka na gharama za matangazo hazipunguzi kodi, mkataba ndio unaobaki kuilinda chapa. Uchambuzi huu unaonyesha mambo manne ambayo mwenye duka anapaswa kuyashika hata anapokabidhi kazi yote: umiliki wa fomula pamoja na marekebisho yake, umiliki wa mali ghafi pale leseni inaporuhusu, haki ya kukagua na kupima, na haki ya kuhamia kwa mtengenezaji mwingine akiwa na nyaraka kamili za utengenezaji. Jambo la nne ndilo kipimo cha mengine. Kiwanda kikifungwa au kupoteza leseni, duka linaloweza kuitengeneza bidhaa ileile kwingine lina chapa. Lisiloweza lilikuwa wakala wa kiwanda hicho.