Mapenzi na Kumbukumbu katika Uchoraji wa Kinjozi: Chagall na Katarikawe Machoni pa Mtazamaji wa Kagera

Jak Katarikawe, mchoraji mzaliwa wa Kigezi, Uganda, aliyefariki Nairobi mwaka 2018, alizoeleka kuitwa "Chagall wa Afrika". Jina hilo linatokana na mfanano wa fani: kwa wachoraji wote wawili, wanyama wana hisia za watu na rangi haziigi maumbile. Kimaudhui, hata hivyo, linapotosha.

Marc Chagall (1887–1985) alilelewa Vitebsk, katika Belarusi ya leo, miongoni mwa Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi. Katika "Siku ya Kuzaliwa", picha ya mwaka 1915 alipomwoa Bella Rosenfeld, mwanamume anaelea hewani akimbusu mpenzi wake. Wengi huiita picha hiyo ndoto. Chagall mwenyewe alikataa kuhesabiwa miongoni mwa Wasurealisti. Kiyidi, lugha ya kwao, humwita asiye na riziki ya kueleweka "mtu wa hewani", na aliyechanganyikiwa husemwa kuwa kichwa chake kimegeuzwa. Katika "Mshairi" (1911) kichwa kimegeuzwa kwelikweli. Ni kana kwamba mchoraji Mswahili angemchora mwenye "roho juu" roho yake ikiwa darini. Kinachoonekana kuwa njozi, basi, ni nahau iliyotiwa rangi, na Uyahudi wa Chagall umo humo kuliko katika alama za dini.

Mwaka 1941 Wanazi waliwaangamiza Wayahudi wa Vitebsk; Bella alifariki mwaka 1944. Tangu hapo kila paa la Vitebsk analolichora ni la mji usio na wenyewe.

Tofauti huonekana zaidi kwa ng'ombe. Babu yake Chagall alikuwa mchinjaji, na ng'ombe wake hubeba huruma ya anayejua kisu kinakuja. Ng'ombe wapendanao wa Katarikawe wanatoka Kigezi, ambako mahari yalihesabiwa kwa ng'ombe. Kwake mnyama huyo ni lugha ya ndoa. Mtazamaji wa Bukoba au Muleba, ng'ambo ya mpaka, atamsoma Katarikawe bila mkalimani. Kwake samadi ya ng'ombe ndiyo hurutubisha kibanja, na chini ya migomba ya kibanja hichohicho wamezikwa wazee wake. Kwa Chagall atahitaji kuambiwa kwamba makaburi yapo, ila hayamo pichani.