Kumsaidia Mwenzi wa Ndoa Aliye Katika Mbio Ndefu



Mwezi wa Agosti 2022, mji wa Rubavu, ule wa ng'ambo ya mpaka wa Goma ambao wengi bado wanauita Gisenyi, ulipokea mashindano ya Ironman 70.3, ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Washindani waliingia katika ziwa Kivu na kuogelea kilomita 1.9. Walipotoka majini walipanda baiskeli na kwenda kilomita 90. Waliposhuka baiskelini walikimbia kwa miguu kilomita 21.1. Yote hayo kwa siku moja, kazi moja ikifuata nyingine bila kupumzika. Mchezo huu unaitwa triatloni, maana yake michezo mitatu ndani ya shindano moja.

Wengi wetu hapa Moba hatutashiriki mbio kama hizo. Lakini watu wa ziwa na milima wanajua ni nini kuogelea, kupanda kinga na kwenda mwendo mrefu kwa miguu, na vijana wetu wanaofuata michezo wameanza kuuliza habari zake. Mimi kama mchungaji, jicho langu linamwangalia mtu mwingine: yule aliyesimama kando ya barabara. Ni bibi au bwana wa anayeshindana. Yeye haogelei wala hakimbii. Hata hivyo, kwa miezi mingi nyumba yake imeishi ndani ya mbio hizo. Anamsaidiaje mwenzake? Na msaada wake unafika mpaka wapi?

Mbio zilizoanzishwa na bwana na bibi

Inafaa kujua kwamba mbio za Ironman zilianzishwa na watu wa ndoa, John Collins na bibi yake Judy. Mwaka 1974 wote wawili walishiriki triatloni fupi huko San Diego, Marekani. Baadaye walihamia visiwa vya Hawaii, ambako John alikuwa afisa wa jeshi la majini. Watu walikuwa wakibishana: nani ana nguvu zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Jibu lao lilikuwa kuunganisha yote matatu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, na kukimbia kilomita 42.2. Februari 1978 watu 15 walianza, na 12 wakamaliza. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12. Mbio za Rubavu ni nusu ya mwendo huo.

Katika mbio hizo za kwanza hapakuwa na meza za maji njiani. Kila mshindani alikuja na watu wake wa kumpa kinywaji na chakula. John Dunbar, aliyekuwa akiongoza, aliishiwa maji, na wasaidizi wake wakampa bia. Haller akampita, na Dunbar akamaliza wa pili, nyuma kwa muda wa nusu saa hivi. Tunaweza kucheka, lakini tukio hilo lina fundisho. Wale wasaidizi walimpenda mtu wao, na walikuwa karibu naye. Walichokosa ni maandalizi. Upendo usiojiandaa unaweza kumpa mwenzako kitu kinachomdhoofisha saa ile anapohitaji nguvu.

Huruhusiwi kumbeba

Leo kanuni zimebadilika. Waandaaji ndio wanaoweka maji na chakula njiani. Mtu wa nje, hata akiwa bibi au bwana wa mshindani, haruhusiwi kumpa chupa, kumsukuma baiskeli wala kukimbia pamoja naye. Akifanya hivyo, mwenzake anaweza kuadhibiwa au kuondolewa katika mashindano. Hata mahali pa kubadilisha nguo, kati ya maji na baiskeli, anaingia mshindani peke yake.

Kanuni hiyo inaweza kuonekana kali, lakini inatusaidia kuelewa Wagalatia sura ya 6. Katika mstari wa 2 Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Je, Paulo anajipinga? Hapana. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili. La kwanza, *bare*, ni uzito unaomlemea mtu mpaka aanguke. La pili, *phortion*, ni shehena ambayo kila mmoja amepewa kuisafirisha. Ndilo neno linalotumika katika Matendo 27:10 kwa shehena ya merikebu. Sisi tulio karibu na bandari tunaelewa vizuri: kila chombo kina shehena yake, na chombo kinachozama kinahitaji wenzake waje mbio.

Katika ndoa, busara ni kutofautisha hayo mawili. Mazoezi ya mwenzako, woga wake wa maji, uchovu wake wa kilomita ya mwisho, hiyo ni shehena yake. Huwezi kukimbia kwa ajili yake. Lakini watoto, fedha za nyumba, kazi za shamba na upweke wa aliyebaki nyumbani vinaweza kugeuka uzito unaoangusha, na huo hamwachiani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekimbia huona kazi ya aliyebaki nyumbani kuwa nyepesi, na aliyebaki nyumbani huona mazoezi ya mwenzake kuwa matembezi tu. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Kabla ya mbio: kupatana

Mtu anayejiandaa kwa mbio kama za Rubavu kwa kawaida hufanya mazoezi kwa miezi minne, mitano au zaidi, na saa zake zinaweza kufika kumi kwa juma. Mazoezi marefu huangukia Jumamosi na Jumapili, siku ambazo jamaa huwa pamoja na kanisa hukusanyika. Kuna gharama za baiskeli, viatu, kujiandikisha na safari. Kuna pia chakula: mtu anayechoma nguvu nyingi hivyo hula kuliko wengine, na sufuria ya nyumba ni moja.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni mazungumzo kabla ya kujiandikisha. Katika 1 Wakorintho 7:5 Paulo anafundisha juu ya bwana na bibi wanaojitenga kwa ajili ya maombi. Anaweka mambo matatu: wawe wamepatana, iwe kwa muda, kisha warudiane. Kama hata maombi yanahitaji makubaliano ya nyumba, je, mazoezi ya mchezo hayahitaji zaidi? Ketini pamoja mjibu maswali haya:

1. Ni fedha kiasi gani zitatoka, na hazitagusa nini? Ada ya shule, dawa na chakula viwekwe pembeni kwanza.
2. Ni saa zipi za juma ni za mazoezi, na zipi haziguswi? Ibada, na walau jioni moja ya ninyi wawili, zisiguswe.
3. Nani atafanya kazi ambazo mwenzako ataziacha? Msiseme tu kwamba zitafanyika. Tajeni jina la mtu.
4. Haya yataisha lini?

Asiyekimbia ana haki ya kusema "mwaka huu hapana," na kusema hivyo si kukosa mapendo. Mwanzo 2:18 inamwita mwanamke msaidizi. Neno la Kiebrania ni *ezer*, na Biblia inalitumia mara nyingi kwa Mungu mwenyewe anapowasaidia watu wake. Mungu ni msaada wetu, lakini si mtumishi wa kila tamaa yetu. Basi msaidizi si mchukuzi wa mizigo asiyeulizwa neno. Ni mtu anayesimama mbele yako, anakuangalia usoni, na anaweza kukuambia kweli.

Na jambo moja la usalama: mwenzako asifanye mazoezi ya kuogelea peke yake. Hapa kwetu ziwa Tanganyika lina mamba, na upepo unaweza kuinua mawimbi kwa haraka. Awepo mtu wa kumfuata kwa mtumbwi, anayejua mahali panapofaa. Hapa usione haya kuweka sharti.

Siku yenyewe

Siku ya mashindano kazi yako ni ndogo kwa macho, lakini ina thamani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, usilete habari ya deni wala maneno ya ukoo. Asubuhi mpe chakula alichozoea, si kitu kipya. Ombeni pamoja kwa maneno machache.

Chagua mapema mahali pawili au patatu pa kusimama, umwambie, ili ajue atakuona wapi. Mtu aliyechoka hupata nguvu kwa kujua kwamba baada ya kilima kile kuna sura anayoifahamu. Akipita, mwite kwa jina. Usimwambie "umekaribia" kama hujui amebakiza kilomita ngapi. Faraja ya uongo huvunja moyo anapogundua. Mwambie ulicho na hakika nacho: "Nimekuona. Watoto wanakuombea. Endelea."

Jifunze pia dalili za hatari. Kukosa maji kunadhuru, lakini kunywa maji mengi mno bila chumvi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hupungua. Ukimwona amechanganyikiwa, anatapika, anaumwa kichwa sana au hawezi kusimama sawasawa, waite waganga wa mashindano mara moja. Hapo shehena imegeuka uzito unaoangusha, na kanuni ya kutomsaidia haina nguvu tena mbele ya uhai. Kama ikibidi aondolewe mbioni, usimwache aone aibu. Ulifunga ndoa na mtu, si na medali.

Baada ya mbio: kurudi nyumbani

Watu wengi hufikiri kazi inaisha kwenye mstari wa mwisho. Wachungaji tunajua kwamba mara nyingi ndipo inapoanza. Mwili unauma kwa siku kadhaa. Moyo nao unaweza kuingia utupu: lengo lililomwamsha kila alfajiri halipo tena. Wengine hujiandikisha haraka kwa mbio nyingine, kusudi tu wasikae na utupu huo.

Hapa ndipo neno la tatu la Paulo linapohitajika: kurudiana. Anayekimbia amerudije? Je, amemshukuru mwenzake mbele ya watoto? Je, amechukua tena kazi alizoziacha? Je, ameuliza, "Na wewe, mbio yako ni ipi, nikusimamie?"

Swali hilo la mwisho ni zito katika jamaa zetu. Bwana akisafiri kwa shindano, tunamsifu kuwa ana bidii. Bibi akitaka jambo lake, tunauliza nani atapika. Mwaka 1979, katika mbio za pili kule Hawaii, mwanamke mmoja tu alikuwamo, Lyn Lemaire, naye alimaliza wa tano kati ya wote. Nguvu anazo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusimama kando ya barabara kwa ajili yake. Kama makubaliano yanamhudumia mmoja tu kila mwaka, hayo si makubaliano.

Mbio zetu za hapa

Ndugu na dada, mnaona sasa kwa nini nimeandika habari ya mchezo wa mbali. Mvuvi anayetoka usiku wa giza na taa zake kutafuta ndagala ana bibi anayesikiliza upepo mpaka alfajiri. Mfanyabiashara anayesukuma kinga yenye maharagwe kutoka milima ya Marungu ana watu wanaomngoja. Bibi aliyekwenda Kalemie au Lubumbashi kumaliza masomo ana bwana anayelaza watoto. Hizi nazo ni mbio ndefu, na hakuna anayezipigia makofi.

Nawaomba viongozi wa idara za ndoa, wamama na wababa, wachukue maswali yale manne wayatumie katika mikutano yao. Na wewe msomaji, kabla ya juma hili kuisha, ketini wawili mjibu jambo hili: ni shehena gani ya mwenzangu ninayotaka kuibeba bila kuombwa, na ni uzito gani unaomwangusha ambao sijautazama?

Bwana aliye msaada wetu awape jibu la kweli, na mapendo ya kulitenda. Amina.