Vyuma Vizuri Visivyo na Ushuhuda: Kwa Nini Vituo vya Nyuklia Vinashindwa Kabla ya Kuwashwa

Kila mtu aliyejenga nyumba anajua hofu hii. Fundi amemaliza, ukuta umepakwa, rangi inang'aa. Lakini je, simenti iliwekwa kwa kipimo? Vyuma vya nguzo ni vile tulivyolipia? Hatuwezi kuona tena. Kilichobaki ni neno la fundi, na la yule tuliyemweka asimamie kazi.

Wapendwa wasomaji, katika makala hii tunataka kueleza jinsi hofu hiyo inavyokuwa kubwa pale kinapojengwa kituo cha umeme wa nyuklia. Sisi Wakongo hatuko mbali na jambo hili. Uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumiwa na Wamarekani tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kinu cha kwanza cha utafiti wa nyuklia katika Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Leo Kenya, Uganda na Rwanda zina mipango ya kuzalisha umeme kwa njia hiyo. Ni vema tujue mahali ambapo wengine walianguka.

Tuanze na neno lenyewe. Uhakikisho wa ubora si kutazama kazi mara moja ikiisha. Ni mpango mzima wa kuthibitisha kila hatua. Kipande cha bomba kinapofika, kinakuja na karatasi inayosema kilitengenezwa wapi na kwa chuma cha aina gani. Mtu anayechomelea vyuma anapimwa kwanza, kisha anaandikwa ni mshono upi aliufanya. Mishono ya maana inapigwa picha ya eksirei, kama mfupa hospitalini. Mkaguzi anatia sahihi, na karatasi zote zinatunzwa. Nchini Marekani, tangu mwaka 1970, sheria inataja mambo 18 ambayo kila mjenzi wa kituo cha nyuklia lazima ayatimize kuhusu ubora.

Kwa nini taabu yote hiyo? Sababu ya kwanza ni kwamba sehemu nyingi zinafunikwa ndani ya beto na hazitaonekana tena. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Katika mashine ya kawaida, kasoro hujionyesha: gari likiwa bovu, litakwama njiani. Lakini pampu na mabomba ya kupoza kinu wakati wa ajali hukaa yakingoja. Yanaweza kungoja miaka 30 bila kufanya kazi yake ya kweli hata siku moja. Kasoro iliyo ndani yake inaweza kukaa kimya muda huo wote, ikajulikana siku ile ile ya hatari.

Sasa tutazame kituo cha Zimmer, kilichojengwa kando ya mto Ohio, Marekani. Mwenye kituo ilikuwa kampuni ya umeme ambayo haijawahi kujenga kituo cha nyuklia. Iliamini kwamba kampuni ya ujenzi iliyoajiriwa ingejisimamia yenyewe kuhusu ubora. Yaani aliyejenga ndiye aliyejikagua, na aliyekuwa na haraka ndiye aliyepaswa kusema "simama".

Malalamiko yakaanza kutokea ndani: mishono yenye mashaka, karatasi zilizobadilishwa, wakaguzi wanaotishwa. Wengine walimwagiwa maji na wafanyakazi kwa sababu tu ya kufanya kazi yao. Mwanzoni malalamiko hayo hayakupewa uzito. Baada ya uchunguzi mpya, tume ya serikali inayosimamia nyuklia iliitoza kampuni hiyo faini ya dola 200,000 mwezi wa Novemba 1981. Mwaka mmoja baadaye iliamuru kazi zote zinazohusu usalama zisimame. Wenye kituo walikuwa wakisema kimekamilika kwa asilimia 97.

Hapa ndipo lilipo fundisho ambalo watu wengi hawalioni. Inawezekana kabisa kwamba mishono mingi ya Zimmer ilikuwa mizuri. Lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha ni ipi mizuri na ipi mibaya, kwa sababu karatasi hazikuaminika. Chuma kizuri kisicho na ushuhuda kikawa sawa na chuma kibaya. Kuvunja na kukagua upya kungegharimu fedha nyingi kupita kiasi. Mwanzoni mwa 1984 wenye kituo waliamua kuacha nyuklia. Mahali pale pakageuzwa kituo cha kuchoma makaa ya mawe, kilichoanza kazi mwaka 1991. Zaidi ya dola bilioni moja na nusu zilikuwa zimekwisha tumika.

Zimmer haikuwa peke yake. Kule Midland, jimbo la Michigan, udongo haukushindiliwa vizuri, na mwaka 1978 ikaonekana kwamba jengo la jenereta za dharura linazama kuliko ilivyotazamiwa. Mradi uliachwa mwaka 1984. Kule Marble Hill, Indiana, beto ilikutwa na matundu ndani yake kama sega la nyuki. Mradi huo nao uliachwa mwaka huo huo. Kule Diablo Canyon, California, vinu viwili vilichorwa vikitazamana kama mtu na kioo chake. Mwaka 1981 ilivumbuliwa kwamba, wakati wa kukadiria uimara dhidi ya tetemeko la ardhi, mchoro wa kinu kimoja ulitumiwa kwa kingine. Ruhusa ya kuwasha ilikuwa imetolewa siku chache tu kabla, ikabidi isimamishwe.

Bunge la Marekani liliuliza: shida ni nini hasa? Ripoti ya tume ile ilitoka mwaka 1984. Haikuwalaumu kwanza mafundi. Ilisema mzizi ulikuwa kwa viongozi wa miradi: hawakuwa na uzoefu wa kazi ya namna ile, na hawakuisimamia. Tume ilikiri pia kwamba yenyewe ilichelewa kuona na kuchukua hatua. Na kulikuwa na mfano mwema. Kinu cha pili cha St. Lucie, Florida, kilianza kujengwa mwaka 1977 na kikatoa umeme mwaka 1983, chini ya sheria zile zile. Wenyewe walikuwa na uzoefu, na walisimamia kazi yao.

Mtu asiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2012 Korea ya Kusini iligundua kwamba maelfu ya vipuri vilikuwa vimeingia katika vituo vyake kwa vyeti vya uongo, na mwaka 2013 ikaonekana kwamba majaribio ya nyaya za usalama yalighushiwa. Vinu vilizimwa, na watu wapatao mia moja walishtakiwa. Nchini Ufaransa, kinu kipya cha Flamanville kilianza kujengwa mwaka 2007 kikitazamiwa kuwa tayari mwaka 2012. Kwa sababu nyingi, mishono yenye kasoro ikiwa mojawapo, kiliunganishwa na mtandao wa umeme Desemba 2024.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyuklia, hata ukuta wenyewe unaweza kukosa thamani.

Basi sisi tunajifunza nini? Hatuandiki ili kuwatisha watu juu ya nyuklia. Makosa mengi tuliyoyataja yalivumbuliwa kabla ya mtu kuumia, na hiyo ndiyo faida ya ukaguzi. Lakini nchi inayotaka kujenga kitu kikubwa, iwe kinu, bwawa ao daraja, haitoshi ijiulize kama ina fedha na wataalamu. Ijiulize pia maswali haya matatu. Je, anayekagua ni tofauti na anayetaka kumaliza haraka? Je, karatasi tunazotunza zinasema kweli? Na mfanyakazi mdogo akisema "mshono huu haufai", atashukuriwa ao atafukuzwa?

Hata katika ujenzi wa shule na zahanati zetu maswali hayo yanafaa. Kule Zimmer waliosema mapema walidharauliwa. Kama wangesikilizwa siku ile, mishono michache ingefanywa upya, na kituo kingesimama.