Jenereta ya kubeba Bujumbura: pima lita kabla ya kupima mashine

BUJUMBURA. Jumamosi ya harusi huanza mapema kwa wanaokodisha vyombo vya muziki mjini hapa. Jua likichomoza juu ya milima ya mashariki, gari dogo la mizigo limekwishapakiwa spika, mikisa, taa, kompyuta na mafungu ya nyaya. Kitu cha mwisho kupakiwa, na cha kwanza kushushwa, ni jenereta.

Sherehe ikiwa Rohero au Kinindo, huenda mashine hiyo isiwashwe kabisa. Ikiwa ni juu Bugarama au ndani zaidi, kwenye vilima ambavyo nguzo za umeme hazijavifikia, bila jenereta wazee wa pande mbili watatoa hotuba zisizosikika na vijana watarudi nyumbani bila kucheza. Ndiyo maana kabla ya kukaza kamba ya mzigo, mwenye gari huuliza kwanza mafuta yaliyopo yatatosha saa ngapi.

Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia kwa kila anayetaka kununua jenereta ya kubeba Bujumbura, awe mpiga muziki wa harusi, mwenye saluni, muuza samaki mwenye friza au mwenye kiofisi cha kutoa nakala na kuchapa barua. Mashine, ambayo wengi hapa huiita kwa Kifaransa, "groupe", hupatikana dukani siku yoyote mwenye fedha atakayoitaka. Petroli haipatikani hivyo.

Umeme wa maji, mafuta ya mbali

Sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Burundi, unaosambazwa na shirika la REGIDESO, hutokana na maji. Kituo cha Rwegura, chenye megawati 18, kimekuwa mhimili tangu miaka ya 1980. Upande wa magharibi, mto Ruzizi huendesha vituo vinavyogawana umeme kati ya Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa mashariki, kituo cha Maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, chenye megawati 80, ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Kila mradi unaokamilika hupunguza giza, lakini Warundi wengi bado wanaishi nje ya gridi, na waliomo wanajua maana ya mgao.

Petroli nayo huja kutoka mbali. Burundi haina bahari wala kiwanda cha kusafisha mafuta, na shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika hapa. Fedha za kigeni zinapopungua nchini, upungufu huonekana haraka kwenye pampu. Mwaka 2024 foleni za magari mbele ya vituo vya mafuta zilikuwa sehemu ya sura ya mji huu, na waliochoka kusubiri walielekea Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, kutafuta madumu.

Katika mazingira hayo jenereta ina udhaifu ambao gari halina. Gari linaweza kulala kwenye foleni. Jenereta haiwezi, na mwenye nayo hutegemea dumu, ruhusa ya kulijaza, au petroli ya chupa ya kando ya barabara ambayo bei yake hupangwa na shida ya siku hiyo.

Anza na daftari

Mafundi hushauri mnunuzi aandike kwanza vyombo anavyotaka kuwasha kwa wakati mmoja, pamoja na wati za kila kimoja. Mara nyingi orodha hiyo hubadilisha mawazo.

Chukua kinyozi wa Buyenzi mwenye mashine tatu za kunyolea, taa nne za LED, redio na chaja za simu za wateja. Kwa jumla hafiki wati 150. Jenereta ya wati 2,500 kwake ni kama kukodi lori kubeba gunia moja: injini itanguruma siku nzima na kuchoma petroli kwa kazi ambayo paneli ya jua na betri nzuri zingeifanya bila kelele. Lakini akileta kikaushia nywele, hesabu inavunjika, kwa sababu kifaa hicho kimoja hula kati ya wati 1,200 na 2,000.

Friza ya samaki ina mtego wake. Ikishawaka hutumia kama wati 150 au 200, lakini compressor yake inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu ya hapo, na wakati mwingine zaidi, kwa sekunde moja au mbili. Muuza mukeke aliyenunua jenereta ndogo kabisa kwa kutazama wati za kawaida atakuta mashine inazimika kila friza inapojaribu kuamka. Pampu za maji na mota zote zina tabia hiyo hiyo.

Mpiga muziki wa harusi yuko katikati. Spika zake, mikisa, kompyuta, projekta na taa za LED kwa kawaida hukaa kati ya wati 1,000 na 1,500 muziki ukipanda. Mchomeleaji mageti hayumo katika mazungumzo haya. Kazi yake hudai mashine kubwa zaidi, na mara nyingi ya dizeli, au mazutu kama wenyeji wanavyosema.

Namba mbili kwenye kibandiko

Kibandiko cha jenereta huwa na namba mbili, na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa ndiyo isiyofaa kutegemewa. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa, ambayo injini huihimili kwa muda mfupi tu. Nguvu ya kudumu, ambayo mashine inaweza kuitoa saa baada ya saa, ni ndogo zaidi. Hata mashine ya heshima kama Honda EU22i, inayojulikana kama ya wati 2,200, nguvu yake ya kudumu ni wati 1,800.

Nyingine huandikwa kVA badala ya kilowati. Kwa tahadhari, mnunuzi azidishe kVA kwa 0.8 ili apate kilowati za kutegemea. Ahakikishe pia kwamba mashine ni ya volti 220 au 230 na hezi 50. Jenereta iliyotumika iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 na hezi 60, na itaharibu vyombo au isivisaidie.

Mlima hula nguvu

Jambo linalosahauliwa sana ni mwinuko. Injini ya petroli huhitaji hewa, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba nguvu hushuka kwa takriban asilimia 3.5 kila mita 300 juu ya usawa wa bahari.

Bujumbura iko kando ya ziwa, lakini ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Mashine ya wati 2,500 hapa mjini inabaki na kama wati 2,270. Ikipandishwa hadi mita 2,000, na Bugarama ni juu zaidi ya hapo, inabaki na takriban wati 1,900. Robo karibu nzima imeachwa njiani, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ndiyo sababu mashine iliyofanya kazi bila tatizo Kanyosha inaweza kukohoa kwenye harusi ya mlimani, mbele ya wageni 300.

Anayefanya kazi ya kusafiri ajumlishe wati zake, aongeze nafasi ya mota zinazoanza, kisha aongeze kama theluthi kwa ajili ya mlima. Anayebaki bondeni hana haja ya kulipia akiba hiyo.

Lita moja, saa ngapi?

Sokoni kuna aina tatu kubwa. Ya kwanza ni ile ndogo ya wati 650 hadi 950, ya mipigo miwili, ambayo petroli yake huchanganywa na oili, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Ni rahisi kununua, lakini ina kelele na moshi, na akitokea mtu akaweka petroli tupu, injini hufa.

Ya pili ni jenereta ya kawaida ya mipigo minne, ya wati 2,000 hadi 3,000, yenye fremu ya chuma. Ili itoe hezi 50, injini yake hulazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, iwe imebeba mzigo mzito au taa moja. Ikiwa na nusu ya mzigo hula karibu lita moja kwa saa.

Ya tatu ni inverter. Injini yake hupunguza mwendo mzigo unapopungua, na umeme wake husafishwa kielektroniki kabla ya kutoka, jambo linalofaa kompyuta na mikisa. Ile Honda yenye tangi la lita 3.6 hudumu zaidi ya saa 3 kwa mzigo kamili, na karibu saa 8 kwa robo ya mzigo. Ina uzito wa takriban kilo 21, nusu ya jenereta nyingi za kawaida zinazoikaribia kwa nguvu. Ubaya wake ni bei, ambayo huweza kuwa mara mbili au zaidi.

Je, bei hiyo inalipa? Inategemea saa. Mwenye kiofisi cha nakala anayewasha saa 4 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hutumia saa 100. Mashine inayokula lita moja kwa saa itamdai lita 100. Inayokula nusu lita itamdai 50. Kwa mwaka tofauti ni lita 600, ambazo kila moja ingetafutwa kwa foleni au kwa bei ya kando ya barabara. Kwa harusi pia inafaa, kwani sherehe ya Kirundi ina hotuba nyingi, na wakati wa hotuba kinachofanya kazi ni maikrofoni na taa chache. Kwa anayeiwasha mara moja kwa wiki mbili, jenereta ya kawaida inatosha.

Kabla ya kulipa

Katika maduka ya katikati ya mji na ya Buyenzi, mnunuzi anayo haki ya kuiona mashine ikifanya kazi. Aje na pasi ya wati 1,000 na kipima volti. Mashine nzuri ikipewa mzigo huo hushtuka kidogo kisha hutulia, na volti hubaki karibu na 220. Aulize pia kama nyaya za ndani ni shaba au alumini. Alumini iliyopakwa rangi ya shaba hudanganya macho, lakini fundi akiikwaruza kidogo huonekana, na mara nyingi uzito wa mashine humsaliti muuzaji.

Vipuri navyo vina uzito katika uamuzi. Mafundi wa Buyenzi, ambao Kiswahili ndiyo lugha ya karakana zao, wanazifahamu injini za familia ya Honda GX160 na GX200 na nakala zake za Kichina, kwa sababu injini kama hizo huendesha pia pampu za maji na vinu. Kabureta, plagi na kamba ya kuwashia vyake hupatikana. Inverter ya jina lisilojulikana ikiungua ubao wake wa kielektroniki, huenda ikabaki pambo.

Wapo wanaofikiria kununua Kampala au Dar es Salaam. Wakumbuke kwamba Burundi imo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu 2009, lakini msamaha wa ushuru ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Jenereta ya China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imepita Kobero. Inapaswa kutangazwa kwa OBR, mamlaka ya mapato, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu kabla ya safari.

Baada ya kununua, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Kwa mwenye kiofisi wa saa 4 kwa siku, hiyo ni kila mwezi. Petroli ya chupa iachwe itulie kwenye chupa angavu: maji yakiwemo yataonekana chini.

Moshi usioonekana

Hasara kubwa kuliko zote haina bei. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hudhani ni uchovu au malaria.

Katika viwanja vya Buyenzi na Bwiza, ambako vyumba vingi hutazama ua mmoja, mvua na hofu ya wezi huwashawishi watu kuingiza mashine barazani au ndani. Mashine inayowaka haipaswi kuingia chini ya paa la watu hata kwa dakika chache. Ikae wazi, angalau mita 6 kutoka madirishani, imefungwa kwa mnyororo na kukingwa mvua kwa kibanda kilicho wazi pande zote. Izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa petroli. Na asiichomeke mtu kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi umeme: umeme huo unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua mfanyakazi wa REGIDESO aliyepanda kurekebisha laini.

Harusi ya mlimani ikiisha usiku, mashine huzimwa mwisho, baada ya spika kukunjiwa nyaya zake. Mwenye gari hutikisa tangi kabla ya kuipakia. Akisikia mafuta yakicheza ndani, anajua kazi ya Jumapili imekwisha kupata mwanzo.