Konza iko kaunti gani? Kibarua cha wahariri wa Wikipedia

Malili iko kando ya Barabara Kuu ya Mombasa, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi. Karibu na hapo zimetandaa ekari 5,000 zilizokuwa Ranchi ya Malili kabla ya serikali kuzinunua mwaka wa 2009. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua hapo ujenzi wa mji wa teknolojia. Mji wenyewe ukapewa jina la Konza, stesheni inakochepukia reli ya Magadi, na Malili wakabaki na sifa ya kutoa shamba.

Sasa jaribu kuandika sentensi ya kwanza ya makala ya Wikipedia kuhusu mji huo. "Konza iko katika Kaunti ya..." Hapo kalamu inakwama. Makueni wanasema ni kwao. Machakos nao wamewahi kuidai, na Kajiado pia. Makueni yenyewe ilikatwa kutoka Wilaya ya Machakos mwaka wa 1992, kwa hivyo kitabu cha zamani kinachosema Malili iko Machakos hakidanganyi. Kimepitwa na wakati tu. Na hili si suala la majina matupu: palipo na mji pana kodi na ajira, na wenye mashamba katika ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka wamelalamikia masharti ya ujenzi.

Wikipedia inaweza kuhaririwa na yeyote. Mmoja akiandika Makueni asubuhi, mwingine anaweza kugeuza iwe Machakos kabla ya chai ya saa nne. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayefuta kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu kwa saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kufungiwa. Ugomvi ukizidi, ukurasa wenyewe hufungwa, na wahariri wana utani wao kuhusu hilo: siku zote hufungwa ukiwa na toleo lisilo sahihi. Mada zinazochoma zaidi, kama mzozo wa Israeli na Wapalestina, huachiwa wenye akaunti ya angalau siku 30 na mahariri 500.

Lakini kufungia watu hakusemi Konza iko wapi. Kazi hiyo hufanywa kwenye ukurasa wa Majadiliano, na swali la huko si "wewe ni wa wapi?" bali "umesoma wapi?" Tangazo la gavana linathibitisha kwamba gavana anadai, mpaka halithibitishi. Katiba, kifungu cha 188, inataka mpaka wa kaunti ubadilishwe kwa pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Mhariri hana mamlaka hayo, hata awe na akaunti ya miaka 20. Awezalo ni kutaja mipaka ya kisheria ilivyo, kisha aeleze nani anaipinga na kwa hoja gani.

Si lazima kila lugha ifikie jibu moja. Ziwa linalogombaniwa na Tanzania na Malawi lina makala ya Kiingereza kwa jina la Ziwa Malawi, na ya Kiswahili kwa jina la Ziwa Nyasa. Kila moja inataja jina la pili, na msomaji hapotei.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu Wikipedia yetu ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni uchache wa wahariri. Ina makala zaidi ya 70,000, na wakabidhi, yaani wasimamizi wake, ni wachache mno kuzilinda zote. Kwa Kiingereza, mwenye kuvuta mpaka upande wake hukutana na wabishi. Kwa Kiswahili anaweza kuubadilisha usiku, asitokee wa kumuuliza, na kosa likae miaka likinakiliwa kwenye insha za shule. Afadhali wabishi watatu, mmoja wa kila kaunti, wakibishana juu ya Konza kwa ushahidi mkononi.