Mlonge: Mboga ya Kiangazi Mlangoni Pako

Ndugu msomaji, masika yanapokatika na jua la kiangazi kuanza kuunguza, bustani nyingi za Sengerema hunyauka. Mchicha na matembele huadimika, na sahani ya mtoto hubaki na ugali wa muhogo na kitoweo kidogo. Ugali huo hushibisha, lakini muhogo una protini chache mno na hauna vitamini A ya kutosha. Ndiyo maana mtoto aweza kushiba kila siku na bado akadumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 nchini Tanzania, walio chini ya umri wa miaka mitano, walikuwa wamedumaa.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Somo lake halijapitwa na wakati, na mlonge ni mojawapo ya miti inayoweza kulitimiza. Mti huu, ambao baadhi ya watu wa pwani huuita mzunze, asili yake ni kaskazini ya India, lakini umekwisha kuzoea udongo wetu. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, hivyo huvumilia ukame na huweza kutoa majani wakati mboga za bustani zimekauka.

Majani hayo yana protini, vitamini A, madini ya chuma na chokaa. Machanga hupikwa kama mchicha. Ukiyaunga kwa karanga, uchungu wake hupungua, na mafuta ya karanga huusaidia mwili kuipokea vitamini A. Maganda machanga nayo hupikwa mchuzi, na mbegu zilizokomaa hukamuliwa mafuta.

Mama wa Kisukuma hahitaji kufundishwa kuweka akiba. Ndiye akaushaye viazi vikawa michembe, na majani ya kunde yakawa nsansa. Majani ya mlonge yataka ujuzi huo huo, ila yakaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini. Yakikauka, yatwange, yachekeche, uyahifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko. Kijiko kidogo cha unga huo chatosha kuchanganywa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, uji ukiisha kuepuliwa. Maziwa ya mama yaendelee, na dagaa, maharage na mayai visiachwe.

Mbegu zina kazi nyingine. Huko Sudan, wanawake wa kando ya mto Nile, ambao sehemu ya maji yake hutoka katika ziwa letu, wamezitumia kusafishia maji yenye tope. Menya mbegu, twanga kiini cheupe, kisha koroga mbegu moja au mbili kwa kila lita ya maji. Baada ya saa moja au mbili uchafu huzama. Mimina maji ya juu, uyachuje. Lakini maji kung'aa si dalili kwamba vijidudu vimekwisha: yachemshe, na usiyaweke siku nyingi.

Hapa yafaa tuonyane. Wako wauzaji wanaodai kwamba mlonge hutibu magonjwa 300. Ndugu msomaji, mlonge ni chakula. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu asiache dawa za hospitali kwa ajili ya unga wa majani, na mama mjamzito asinywe kabisa dawa ya mizizi au magome yake, maana yaweza kumdhuru.

Kuupanda si kazi ngumu. Mvua za vuli zikianza, fukia mbegu mpya kina cha sentimita mbili, mahali pasipotuama maji. Katika majaruba ya mpunga utaoza. Uzungushie miiba, kwa kuwa mbuzi na ng'ombe huupenda. Ukifika kifuani, ukate kilele ili utoe matawi mengi yanayofikika kwa mkono.

Baba naye asiseme mboga ni shughuli ya mama. Shimo ni la kuchimbwa, na miiba ni ya kukatwa. Kaya itakayopanda miti mitatu au minne karibu na jiko vuli hii yaweza kuanza kuchuma kabla kiangazi kijacho hakijakausha bustani.